Bifu lako linapoa wiki ya tatu kwa sababu unalipa deni kabla ya tarehe

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga, nalifupisha kidogo: "Shikamoo kaka mkubwa. Mimi na washkaji tuko kumi na mbili, tuna ligi yetu ya mieleka ya kubuni, hamna anaepigana kweli, tunaandika tu kwenye grupu, na hotuba ndefu ndefu, kila mtu ana wanamieleka wake wawili na mimi ndo napanga mechi. Mwisho wa mwaka tuna shoo kubwa, zimebaki wiki nane. Nina mabifu matano, kubwa kuliko yote ni la bingwa wangu ambae ni wakili mjanja mjanja, na kuli wa bandarini anaependwa na watu. Yote yanaanza na moto, mtu anapigwa kiti cha mgongo, grupu linalipuka, alafu wiki ya tatu kimya, watu wanaanza kutumiana vichekesho. Nakosea wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili na jibu fupi liko kwenye neno lako mwenyewe, kiti. Mabifu matano yote yanaanza na kiti? Kama wiki ya kwanza mtu kashapigwa kiti, wiki ya pili umpige na nini, kabati?

Lakini hilo ni tatizo dogo, kubwa ni lingine. Bifu la mieleka ni deni. Mtu kamkosea mwenzie mbele ya watu, watu wameandika daftarini, na shoo kubwa ndo siku ya kulipwa. Wewe unachofanya kila wiki unawagonganisha wale wale, leo kuli kamrusha wakili juu ya meza, wiki ijayo wakili kamvizia kuli, ijayo wamepigana mpaka nje ukumbini, yaani unalipa kidogo kidogo kama mtu wa kausha damu, na ikifika wiki ya tatu deni limeisha. Watu hawajachoka na wahusika wako, wameshalipwa tu.

Angalia hizi shoo za kulipia zilitokea wapi. Zamani promota wa Marekani alikua anaonyesha mieleka bure kwenye tivii ya mji wake, na hio bure haikua zawadi, ilikua tangazo, maana pesa ilikua kwenye tiketi za ukumbini. Zilipokuja PPV, yaani shoo unayolipia kuiangalia kwenye tivii yako, miaka ya 80 hesabu ikabaki ile ile, mtu yuko nyumbani ana mechi za bure kila wiki, kwanini atoe hela yake kwa ajili ya hii moja? Lazima kuwe na kitu ambacho bure hakipatikani. Ukitaka kuona hasara ya kusahau hilo angalia WCW, kampuni ya mieleka ya Marekani, Julai 1998 walikua na Goldberg ambae hajapoteza mechi, na Hulk Hogan ndo bingwa, mechi ambayo dunia nzima ingelipia, wakaitangaza siku chache tu kabla alafu wakairusha bure kwenye Nitro yao ya Jumatatu pale Georgia Dome. Ukumbi ulijaa, watu zaidi ya 40,000, kelele za kufa mtu, walikua wanapigania watazamaji wa tivii na WWF, kampuni pinzani, na usiku ule walishinda. Ila ile mechi ingekaa miezi mitatu minne inachemka si mchezo. Kila ukitaka kuwagonganisha kuli na wakili kwenye shoo ya wiki jiulize kama na wewe unataka kuwa WCW.

Sasa chanzo cha bifu. Mimi sababu ndogo naipenda kuliko kubwa, na mfano wangu ni ule ule ninaowachosha nao watu kila siku, Hogan na Andre the Giant, mwanzoni mwa 1987. Hawa walikua marafiki, na mashabiki wanajua ni marafiki. Hogan akaletwa kwenye kipindi cha Roddy Piper akapewa kombe kubwa kwa kushika mkanda miaka mitatu. Wiki inayofuata analetwa Andre, anapewa kombe kwa miaka kumi na tano bila kupigwa, na kombe lake ni dogo kuliko la Hogan. Basi. Hamna kiti, hamna damu, kombe tu limezidiwa urefu, alafu Hogan anakuja kumpongeza rafiki yake, anaongea anaongea, anaifanya sherehe ya mwenzie iwe yake, na Andre anageuka anaondoka bila neno. Baadae anarudi na Bobby Heenan, adui namba moja wa Hogan, anataka mechi ya mkanda, na anamchania Hogan fulana mpaka msalaba aliovaa shingoni unakatika.

Nani hajawahi kwenda kwenye hafla ya mwenzie akaona yeye kapewa kidogo? Kiti cha mgongo ni wachache tumepigwa, ila kombe dogo sote tumepewa. (Hio miaka kumi na tano bila kupigwa yenyewe ilikua uongo mtupu, Andre alishapigwa Mexico, alishapigwa Japani, lakini mwaka 1987 nani angejua, intaneti hakuna.) Na ona Andre anavyobeba hasira yake, ukimuuliza atakwambia yeye ndo kakosewa. Adui anaejijua ni adui anachosha haraka. Wakili wako nina wasiwasi nae hapo, umeniandikia ni mjanja mjanja, sawa, lakini yeye mwenyewe anadhani anatetea nini? Mpe hoja ambayo nusu ya grupu, kimoyomoyo, watasema hapa jamaa ana pointi.

Mechi yao ikawekwa kwenye WrestleMania III, shoo kubwa ya mwaka ya WWF, Machi 29, 1987, uwanja wa Pontiac Silverdome kule Michigan, wao walitangaza watu 93,173 na mpaka leo kuna wanaobishia hio namba, na usiku huo kulikua na mabifu mengine, hapo ndo nataka ukae chini uangalie kadi nzima. Hogan na Andre ni urafiki uliovunjika. Randy Savage na Ricky Steamboat ni kisasi cha mwili, Savage alimponda Steamboat koromeo kwa ile kengele ya ulingoni Novemba 1986, jamaa akawa anaonyeshwa anajifunza upya kuongea. Piper na Adrian Adonis waligombania kipindi cha mahojiano, nani ana haki ya kukaa kwenye kile kiti na maiki, na atakaepigwa ananyolewa nywele. Harley Race na Junkyard Dog, anaepigwa anampigia mwenzie magoti. Unaona hayagongani? Mtu akichoka kulia na Steamboat anamcheka Adonis. Wewe mabifu yako matano ni bifu moja umeliandika mara tano. Kwaiyo kabla ya kuendelea chukua karatasi, andika kila bifu kwa swali moja tu la mtazamaji, mfano, je huyu ataongea tena? je huyu atapiga magoti kweli? Kama maswali mawili yanafanana futa moja, usione huruma. Mimi ningebakisha matatu yenye nguvu, mengine mawili yawe mechi za kawaida tu, watu waende kununua karanga.

Ile kengele ya Savage nitairudia maana ni ufundi. Siku ya shoo yenyewe Savage anaichukua tena, anataka kumaliza kazi aliyoianza Novemba, na George "The Animal" Steele ambae yuko kona ya Steamboat anamsukuma anaanguka nayo, Steamboat anamkunja kifurushi, moja mbili tatu, kwisha. Kitu kilichofungua ugomvi ndo kimefunga ugomvi. Miezi minne watu wameibeba ile kengele kichwani. Ukiwa na kitu kimoja kinachoshikika, huna haja ya kuwakumbusha watu kila wiki nini kilitokea, wakikiona tu inatosha.

Sasa twende kwenye kusubirisha, maana hapa ndo wiki yako ya tatu inapofia. Utaniuliza, kama hawagusani wiki nane watu watasoma nini? Jibu langu ni Kofi Kingston, 2019, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu naona ndo bifu bora la zaidi ya miaka kumi iliyopita na si kwa sababu tu ni mtoto wa Ghana, ingawa sitakudanganya, hio nayo ilinigusa.

Kofi alikua pale WWE (ndo ile ile WWF, ilibadilisha jina) tangu 2008, kila mtu anampenda, na hamna aliewahi kumfikiria kwenye mkanda mkubwa. Hata hio nafasi hakuipata kwa mpango, Mustafa Ali aliumia, Kofi akaingizwa kuziba pengo. Februari 12 kwenye SmackDown, kipindi chao cha tivii cha kila wiki, wakamweka kwenye mechi ya msururu, unapiga mmoja anaingia mwingine, akakaa ulingoni zaidi ya saa nzima, akampiga Daniel Bryan bingwa mwenyewe, akampiga Jeff Hardy, akampiga Samoa Joe, AJ Styles ndo akamtoa. Siku tano baadae ndani ya kile kizimba cha minyororo wanabaki wawili, yeye na Bryan, na ukumbi mzima umesimama unaimba jina la mtu ambae mwezi uliopita walikua wanamuona wa kuchangamsha shughuli tu. Akapigwa. Umeona? Deni limefunguliwa.

Kuanzia hapo ni riba tupu. Anaahidiwa mechi ya mkanda, Vince McMahon, bosi wa kampuni, anatokea anampa Kevin Owens nafasi yake. Siku ya hio mechi Kofi anaitwa ulingoni kama vile anaingizwa, kumbe anatupiwa Sheamus na Cesaro wawili kwa mmoja wanamponda. Machi 19 anaambiwa haya, piga watano utakwenda WrestleMania, anapita wote watano, wa mwisho Randy Orton, anafurahi, watu wanalia, na McMahon anatoka anasema bado mmoja, Bryan, na Kofi hana pumzi tena, anapigwa. Aisee. Wiki iliyofuata marafiki zake Big E na Xavier Woods ndo wanaingia kwenye msururu mwingine kumpigania, na wale ndugu Usos, ambao wamekua mahasimu wao miaka, wanafika zamu yao wanagoma kupigana, wanawapisha, kwa heshima tu. Mimi hapo nilisimamisha nikarudisha nyuma kuangalia tena.

Ukihesabu vizuri, Kofi na Bryan wenyewe hawagusani sana kwenye hizo wiki. Ugomvi unakwenda mbele kwa sababu njia ya kufika kwenye ugomvi ndo yenyewe imekua hadithi. Mlango unafungwa, anatafuta dirisha, dirisha linafungwa. Na kila mlango unafungwa kwa namna tofauti, hio ni muhimu, wangemnyima mara tatu kwa njia ile ile ungekua umeshazima tivii. Na Orton hakuwekwa pale kwa bahati, wenye kumbukumbu wanajua yeye na Kofi walikua na bifu 2009, Kofi akaonekana anapanda alafu akashushwa taratibu, kwaiyo kumpiga Orton 2019 kulikua kulipa deni dogo la miaka kumi njiani kwenda kulipa kubwa. Aprili 7 kule New Jersey alimpiga Bryan, watoto wake wakapanda ulingoni, na dawa ya deni ni kulipa, wakalipa. (Kwamba Oktoba hio hio walimtoa mkanda kwa Brock Lesnar kwa sekunde chache tu, hilo tuliache, nina presha.)

Upande mwingine wa kusubirisha kuna Sting. Mwaka mzima na ushei, kuanzia vuli ya 1996 mpaka Desemba 1997, hapigani, haongei, uso kapaka rangi nyeupe na nyeusi, anakaa juu kwenye mapaa ya ukumbi na rungu lake anamwangalia Hogan na genge lake la nWo. Kukaa kimya kwa mwaka! Leo mtu akikaa kimya siku mbili anaulizwa kama bando limeisha. Watu walikua wanaitaka ile mechi ya Starrcade, shoo kubwa ya WCW, kama mvua. Alafu siku yenyewe wakaiharibu, refa alitakiwa ahesabu haraka haraka kumwibia Sting, ili Bret Hart, mwanamieleka mwingine, aingie apinge, refa akahesabu kawaida, kwaiyo kilichoonekana ni kwamba Sting kapigwa tatu za halali kabisa, na huyu Bret analalamikia nini. Ikaanza upya, Sting akashinda, lakini ladha ishatoka. Mwaka mzima wa deni unalipwa kwa noti imechanika. Kwaiyo usinijie na mambo ya mshindi kushinda kwa utata kwenye shoo yako ya mwisho. Utata una siku zake, wiki ya nne, wiki ya tano, siku ya kulipa lipa.

Kuna kesi moja tu ambapo ningekuruhusu, nayo uwe na roho ngumu, Bret Hart na Steve Austin, WrestleMania 13, Machi 1997. Bret kaingia steringi, Austin kaingia adui, Austin anakamatwa mguu, damu zinamchuruzika usoni, anagoma kusarenda mpaka anazimia, na Bret badala ya kuacha anaendelea kumpiga mtu aliezimia. Wakatoka wamebadilishana, ukumbi unamzomea Bret unamshangilia Austin. Ila hio haikutungwa usiku mmoja, watu walikua wameshaanza kumpenda Austin miezi kabla, waandishi wakasikiliza. Na wewe sikiliza grupu lako, kama wameanza kumpenda wakili kuliko kuli, usiwagombeze.

Neno kuhusu kuongea ulingoni, maana umesema watu wako wanaandika hotuba ndefu. Wewe ni wa Tanga, nikufundishe mimi vijembe? Mwanamke anavaa kanga yenye maandishi, anapita mbele ya nyumba ya mwenzie mara moja, hasemi kitu, na mtaa mzima umejua. Hio ndo hotuba. Mtu anaeandika aya nane "nitakuvunja, nitakusaga, nitakuzika" hajasema chochote maana maneno hayo unaweza kumwambia mtu yeyote. Sentensi nzuri ni ile ambayo ukiihamishia kwenye bifu lingine haina maana. Na wala hawahitaji vifaa vya ajabu, waangalie wale vijana wa Soft Ground Wrestling kule Mukono Uganda, ulingo wao ni tope, nguzo zao ni miti, na ugomvi wao unaeleweka hata kama hujui Kiganda, maana nyuso zinasema nani kamuonea nani.

Haya, kuli na wakili. Ningekua mimi ningefanya hivi, wewe badilisha unavyotaka. Wiki ya kwanza kuli kashinda mechi yake, bado anahema, wakili anapita na begi lake la nguo anampa alibebe mpaka kwenye gari, kwa mazoea tu, wala si kwa ubaya, ndo anavyowaona watu. Kuli analibeba. Wakili anamrushia sarafu ya mia mbili. Kuli anaiokota, anaiangalia, anaitia mfukoni, mwisho wa shoo. Usiandike alichofikiria.

Wiki ya pili kuli anaomba mechi ya mkanda na wakili anakubali kirahisi, anatoa mkataba kurasa kumi na nne, kuli anaweka dole gumba bila kusoma. Wiki ya tatu, hio ya kufia, ndo kinasomwa kifungu, kuli akimgusa bingwa kabla ya siku ya shoo, hata kumshika bega, mechi imefutwa na hatopewa nyingine. Umeshawatenganisha kihalali, na kazi inayobaki ni ya wakili kumchokoza ili amguse. Na hoja yake anayo, mimi sikumlazimisha asaini, sheria ni kusoma, mnataka nimhurumie kwa sababu ni maskini? Utaona grupu litakavyogawanyika. Wiki ya nne na ya tano anamchokoza kwa maneno, anamsogelea mpaka pua kwa pua, ya sita anampiga yule kijana anaefanya nae kazi bandarini, mbele yake, na kuli kashika kamba za ulingo mpaka mikono inatetemeka. Ya saba usimwonyeshe kuli kabisa, acha wamtafute. Ya nane, ya mwisho kabla ya shoo, anatoka, anaweka ile sarafu katikati ya ulingo, anaondoka.

Kwenye mechi yenyewe sijui utaimalizaje na sitaki kukuambia, ila sarafu lazima iwepo na kuli lazima ashinde akiwa safi. Na kuanzia wiki ya pili mpaka ya saba usiitaje hio sarafu hata mara moja, hata wakikuuliza iko wapi. Wakianza kukuuliza, ujue daftari limeshaandikwa.